Kipande na Kibarua

Siku moja, msomaji wangu, utamaliza masomo yako na kuingia katika ulimwengu wa kazi. Huenda kazi ya kwanza usidumu nayo. Utakwenda kubisha mlango wa pili, utakaribishwa kiti mbele ya meza, na baada ya kuulizwa jina na shule, utaulizwa: Kwa nini uliiacha kazi yako ya kwanza? Swali hili huulizwa kwa sauti ya upole, lakini wengi huona ulimi ukiwa mzito. Anayeuliza hataki hadithi. Ataka kujua kama utamfanyia na yeye kama ulivyomfanyia wa kwanza.

Twadhani swali hili ni la leo na jana tu. Sivyo. Lina historia, na sehemu moja ya historia hiyo ilipita katika kisiwa cha Mombasa, baina ya Mji wa Kale upande wa mashariki na bandari ya Kilindini upande wa magharibi. Kilikuwapo kipindi cha karibu miaka thelathini ambapo mtu mweusi aliyetafuta kazi kwa mwezi hakuhitaji kuulizwa swali hilo. Hakuachiwa kwa hisani. Jawabu lilikuwa limekwisha kuandikwa na mtu mwingine, na yeye alilibeba shingoni mwake.

Kabla sijaendelea, napenda kuitazama lugha yetu kidogo, maana ndani yake mna siri ya jambo hili. Mswahili husema kwamba fulani ameandikwa kazi. Hasemi kwamba fulani ameandika. Yeye ndiye anayeandikwa, na kalamu imo mkononi mwa mwingine. Akiondolewa, husemwa kwamba amefutwa, kama maandishi yafutwavyo ubaoni. Katikati ya kuandikwa na kufutwa kuna neno moja tu ambalo mfanyakazi ndiye mtendaji wake, nalo ni kuacha. Aliyeacha kazi si sawa na aliyeachishwa, ingawa wote wawili huonekana wakitoka mlango ule ule jioni ile ile. Silabi moja tu huwatenga. Kwa ajili ya silabi hiyo watu walipigana kwa muda mrefu, na wengine walifungwa.

Tuanze na neno kibarua. Asili yake ni barua, na maana yake ya kwanza ni barua ndogo, kijikaratasi. Hapo kale, katika miji ya pwani, mtu aliyechukuliwa kufanya kazi ya siku alipewa kijikaratasi kuwa alama kwamba yumo kazini. Jioni alikirudisha na kupokea ujira wake. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mwenyewe, na mtu akaitwa kibarua. Katika karne ya kumi na tisa vibarua wengi walikuwa watumwa. Bwana wao aliwaruhusu kwenda kujitafutia kazi, kubeba mizigo ya majahazi au kujenga nyumba za mawe, na sehemu ya ujira wa kila siku ilirudi kwa bwana huyo. Hata hivyo kazi yenyewe ilikuwa na tabia moja: ilianza asubuhi na kwisha jioni. Karatasi ikirudishwa, hapana mtu aliyekuwa na haki ya kumwuliza kesho yake kwa nini hakurudi mahali pale pale, ila yule aliyemmiliki.

Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mwanafunzi wa historia huukumbuka mwaka huo, na afanya vyema. Lakini aukumbuke pia mwaka uliotangulia. Katika mwaka wa 1906 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya mabwana na watumishi, ikaitengeneza upya mwaka wa 1910, na kwa sheria hiyo mtumishi aliyeondoka kazini kabla ya kutimiza mkataba wake alihesabiwa kuwa mtoro. Utoro huo haukuwa jambo la madai baina ya watu wawili, kama deni la dukani. Ulikuwa kosa la jinai. Mtu aliweza kutozwa faini au kutiwa gerezani. Basi mlango wa utumwa ulipokuwa ukifungwa, mlango mwingine mwembamba ulikuwa umekwisha kufunguliwa pembeni. Simaanishi kwamba mambo mawili haya ni sawa. Mtumwa huuzwa, na mtoto wake huuzwa. Mtumishi wa mkataba hakuwa hivyo. Nasema tu kwamba haki ya kuacha kazi haikuja pamoja na uhuru wa mwili. Ilibaki nyuma.

Shida ya sheria ile, kwa upande wa waajiri, ilikuwa namna ya kumjua mtoro. Nchi ilikuwa pana na watu walikuwa wengi. Mtu aliyetoroka shamba la setla huko bara aliweza kubadili jina lake njiani, na akifika Mombasa akawa mtu mpya. Masetla wakapiga kelele, na Serikali ikatunga sheria ya kuwaandikisha wenyeji mwaka wa 1915. Vita Kuu ya kwanza ikaizuia. Vita vilipokwisha, kuanzia mwisho wa mwaka wa 1919 na katika mwaka wa 1920, sheria ikaanza kutumika, na hapo ndipo kilipozaliwa kipande.

Kila mwanamume Mwafrika aliyekisiwa kuwa na umri wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kuandikishwa. Alichovywa vidole katika wino, alama zake zikachukuliwa, na nakala ikawekwa katika ofisi kuu Nairobi. Naye akapewa hati yenye jina lake, kabila lake, wilaya yake na namba yake. Hati ilikuwa ya karatasi, na karatasi haistahimili jasho wala mvua, kwa hiyo ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma, na kikebe kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Jina hilo halihitaji maelezo. Askari aliweza kumsimamisha mtu njiani wakati wowote na kudai akione, na asiyekuwa nacho alikuwa na kosa. Ulipofika mwisho wa mwaka wa 1920 vipande karibu laki mbili vilikuwa vimekwisha kutolewa. Kufika mwaka wa 1931 vilikuwa vimezidi milioni moja.

Lakini mambo ya vidole na askari ni sehemu moja tu. Sehemu ya pili ya hati ndiyo ihusuyo maneno yetu. Palikuwa na nafasi za kujazwa na mwajiri: jina lake, tarehe aliyomwandika mtu huyo, namna ya kazi, kiasi cha mshahara, tarehe ya kuondoka, na sahihi ya kumtoa. Bila ya sahihi hiyo, mwajiri mwingine hakuruhusiwa kumwandika. Kwa hiyo mtu hakuweza kusema, Nimeacha kazi. Kazi haikuachika mpaka bwana atie sahihi kwamba imeachika.

Tumfikiri mtu mmoja, tusimpe jina, kwa kuwa hakuwa mmoja bali wengi. Ni mtumishi wa nyumbani huko Kizingo, sehemu ya kisiwa walikokaa Wazungu kwa ajili ya upepo wa bahari. Amepata habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana huko Rabai. Anaomba ruhusa siku nne. Ananyimwa, kwa sababu wageni wanakuja kula Jumamosi. Usiku anaondoka. Anamzika mama yake, anakaa matanga kama desturi itakavyo, kisha anarudi Mombasa, na kwa kuwa ana haya kurudi kwa bwana wa kwanza, anakwenda kubisha kwingine. Mwajiri mpya hamwulizi kitu. Ananyosha mkono tu. Kikebe kinafunguliwa, karatasi inakunjuliwa, na pale penye nafasi ya tarehe ya kuondoka ni peupe. Weupe ule ulisema neno moja: mtoro. Haukusema mama, wala maiti, wala matanga. Karatasi haikuwa na mahali pa mambo hayo. Hata kama mwajiri mpya alikuwa mtu mwema na kuamini maneno aliyoambiwa, akimchukua naye ameingia makosani.

Nafasi ya mshahara nayo ilikuwa na madhara yake. Aliyekuwa akipata shilingi kumi na mbili hakuweza kudai ishirini mahali papya, maana zile kumi na mbili zilikuwa zimeandikwa wazi mbele ya macho ya mnunuzi wa nguvu zake. Katika soko lolote mwuzaji huficha bei aliyouzia jana. Mfanyakazi peke yake ndiye aliyelazimishwa kuitundika shingoni. Tena wapo waliosimulia kwamba baadhi ya waajiri waliandika humo maoni yao juu ya tabia ya mtu, naye mara nyingi hakujua kusoma yaliyoandikwa. Akaibeba shutuma yake mwenyewe toka mlango hata mlango, akishangaa kwa nini kila mlango unafungwa.

Mzungu hakuvaa kipande, wala Mhindi. Hapa Mombasa hesabu ya nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji iliwatia watu katika mashindano ya uchungu, kwa kuwa katika Mji wa Kale ukoo mmoja huweza kuwa na damu ya bara, ya Arabuni na ya visiwani. Wazee wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walishindana na Serikali miaka mingi wakikataa kutiwa katika fungu la wenyeji. Baadhi ya watu wa leo huwacheka kwa jambo hilo. Mimi siwacheki. Kodi, kura na heshima vilitegemea neno moja katika daftari, na walioweka daftari hilo si wao.

Upinzani mkubwa wa kwanza dhidi ya kipande ulitokea Nairobi, na kisa chake chafaa kutajwa kwa sababu aliyeuongoza alikuwa naye mtu wa kuandikwa kazi. Harry Thuku alikuwa karani wa simu katika ofisi ya Serikali. Mwaka wa 1921 alisimama kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Aliambiwa achague: siasa au kazi. Akachagua siasa, na kazi ikamtoka. Huyu angeulizwa kwa nini aliacha kazi, jawabu lake lingekuwa fupi na la kweli kupita majibu mengi. Alikamatwa tarehe 14 Machi mwaka wa 1922. Siku mbili baadaye watu waliokusanyika kudai afunguliwe walipigwa risasi, na kwa hesabu ya Serikali yenyewe waliokufa walikuwa 21. Thuku akapelekwa mbali, Kismayu. Kipande kikabaki.

Sasa turudi kisiwani, maana hapa palikuwa na jambo ambalo hapakuwa nalo mahali pengi pa bara. Palikuwa na Kilindini. Kabla ya mwaka wa 1926 meli kubwa zilitia nanga majini, na matishari yakaenda kupakua shehena. Mwaka huo gati za kwanza za maji marefu zikafunguliwa, na meli zikafunga ubavuni mwa nchi. Namna ya kazi ilibadilika, lakini namna ya kuandika watu haikubadilika. Meli haziji kwa mpango wa kalenda. Leo ziko tano, kesho hapana. Kampuni za kupakia na kupakua hazikutaka kuwalipa watu siku ambazo hapana meli, kwa hiyo ziliandika watu kwa siku. Alfajiri watu walikusanyika penye malango. Waliohitajiwa wakachaguliwa, waliobaki wakarudi kutafuta kahawa. Jioni kila mmoja alipokea fedha yake, na mkataba ukafa pamoja na jua.

Waajiri waliona wamefanya hila nzuri. Hawakutambua kwamba hila ile ina ncha mbili. Kibarua wa siku hawezi kuwa mtoro. Atatoroka nini? Kazi aliyoiacha jana ilikwisha jana. Mtu wa Kilindini aliyefanya kazi siku kumi na mbili katika mwezi, kisha akavuka kwenda shamba lake, au kuoza binti yake, au kukaa tu barazani akitazama watu wanavyopita, hakuwa na neno la kumweleza mtu. Wengi wao walitoka katika vijiji vya Wamijikenda vilivyo karibu. Walivuka kivuko cha Likoni, au daraja la Nyali lililoelea juu ya maji tangu mwaka wa 1931, wakafanya kazi siku kadha, na mvua za mwaka zilipoanza wakarudi kulima mahindi na mihogo yao. Palikuwa na watu walioishi hivyo umri mzima. Kazi ya mwezi, ambayo kwa desturi yetu ndiyo hesabiwayo kuwa kazi ya heshima, wao waliikwepa kwa makusudi, na ujira wa siku ulikuwa mkubwa kiasi cha kuwawezesha kuikwepa.

Basi katika kisiwa hiki kimoja palikuwa na watu wa namna mbili. Mtu wa mwezi alikuwa na chakula cha hakika na bwana mmoja, lakini sababu zake zote ziliandikwa na bwana huyo. Mtu wa siku hakuwa na hakika ya chakula cha kesho, lakini alikuwa na hazina moja ambayo mwenzake hakuwa nayo: hakuulizwa. Maofisa wa Serikali walichukizwa sana na jambo hili. Waliwaita vibarua wavivu na wazururaji, wakasema hawana nidhamu. Nadhani lililowaudhi hasa si uvivu, kwa kuwa mtu abebaye magunia toka alfajiri hata magharibi haitwi mvivu na mwenye akili timamu. Liliwaudhi jambo la kwamba mtu aweza kuondoka na sheria isimpate.

Hata hivyo nisije nikaipamba hali ile kupita kiasi. Kutokuulizwa ni uhuru kwa aliye na shamba la kurudia. Kwa aliyetoka mbali, bila ya shamba, bila ya ndugu, akilala wengi chumba kimoja katika Majengo, lango lililofungwa asubuhi lilimaanisha njaa jioni. Akiumia mgongo, kesho yake huchukuliwa mwingine, na hapana mtu aulizaye yule wa jana yuko wapi. Kutokuulizwa huku nako kuna baridi yake.

Ndiyo maana watu wa siku na watu wa mwezi walikuja kukutana. Mwaka wa 1934 vibarua wa bandarini waligoma kwa sababu ujira wa siku ulipunguzwa. Mwaka wa 1939, Julai na mwanzo wa Agosti, mgomo ulianza kwa wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya Serikali, ukaenea kwa wengine, ukafika bandarini. Serikali ikaweka tume ya kusikiliza. Wakati wa Vita Kuu ya pili bei za vitu zilipanda na nyumba zikawa haba. Manung'uniko yakazidi, na mwaka wa 1945 kamati nyingine ikaitwa kuchunguza. Kila tume ilifanya kazi ile ile: kuuliza watu kwa nini wameacha kazi. Na hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Mtu mmoja akiacha kazi ni mtoro, naye haulizwi. Watu elfu wakiacha kazi siku moja, Serikali huleta meza, kiti na karani wa kuandika, na kuwauliza sababu kwa adabu.

Mgomo mkubwa kuliko yote ulianza tarehe 13 Januari mwaka wa 1947. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi. Waliotoka si wa bandarini peke yao. Walikuwamo wa reli, wa mahoteli, wa maduka, na watumishi wa nyumbani. Mabibi waliozoea kupikiwa walijifunza kuwasha jiko. Wagomaji walikutana katika uwanja wa Kiembeni, na huko kila mtu aliweza kusimama na kusema mbele ya wenzake kwa nini hakurudi kazini: kodi ya chumba, bei ya unga, mshahara usiotosha, na mtu mweusi kulipwa pungufu kuliko mwingine afanyaye kazi kama yake. Maneno ambayo kwa miaka mingi hayakuwa na nafasi katika hati yo yote, sasa yalisemwa kwa sauti hadharani. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili hivi. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kusema nao; wakarudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatasikilizwa, na baraza la hukumu likawekwa, likaongeza malipo ya baadhi yao.

Chama chao, kilichoitwa shirikisho la wafanyakazi wa Kiafrika, kiliongozwa na Chege Kibachia, kijana aliyesoma Alliance. Agosti ya mwaka ule ule alikamatwa, akapelekwa kukaa Kabarnet, mbali na bahari, akazuiliwa huko miaka mingi.

Katika mwaka huo huo wa 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu, nayo iliwahusu watu wa rangi zote. Kipande cha kale kikawa kimehukumiwa kufa. Wazungu wengi walipoambiwa kwamba na wao watachovya vidole katika wino, waliona ni matusi makubwa, wakafanya kelele, uchunguzi ukafanywa, na ikakubaliwa kwamba mwenye kujua kuandika aweza kutoa sahihi na picha badala ya alama za vidole. Waafrika walikuwa wamechovya vidole kwa muda wa karibu miaka thelathini. Hapo yaweza kupimwa tofauti ya uzito wa tusi moja juu ya shingo mbili.

Cheti kipya hakikuwa na orodha ya waajiri. Kilisema mtu ni nani. Hakikusema alimtumikia nani, kwa kiasi gani, wala aliondoka lini. Toka hapo, aliyetafuta kazi aliweza kuingia mlangoni akiwa na sababu zake kinywani, azitoe au azifiche.

Na Kilindini je? Huko mambo yalikwenda upande mwingine. Tangu mwaka wa 1944 vibarua wa bandarini walianza kuandikishwa katika daftari maalumu, wakapewa kadi, na asiyekuwa nayo akazuiwa langoni. Katika miaka ya 1950 mpango huo ukakazwa: mwenye kadi alipaswa kuja kazini siku zisizopungua idadi iliyowekwa katika kila mwezi, la sivyo jina lake hufutwa. Kidogo kidogo mtu wa siku akageuzwa kuwa mtu wa mwezi. Chama cha wafanyakazi wa gati kiliundwa, na mwezi wa Machi mwaka wa 1955, walipogoma tena, Tom Mboya alikuja toka Nairobi kuwaombea. Wakapata nyongeza nzuri ya malipo. Waliobaki ndani ya daftari walipata malipo na haki ambazo wazee wao hawakuziota. Waliofutwa walirudi mashambani, au walibaki mjini wakitafuta. Na waliobaki ndani, kwa mara ya kwanza, walikuwa na kazi ya kupotea. Kwa hiyo walikuwa na jambo la kueleza wakiiacha. Mzee wa Kilindini wa mwaka wa 1930 angemwona mjukuu wake akijifunza namna ya kujibu lile swali letu, angecheka, kisha angemwuliza mshahara wake ni kiasi gani, na akisikia angenyamaza.

Yamebaki mambo ya leo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007, kifungu cha 51, yamwamuru mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, namna ya kazi na mahali pake, na tarehe aliyoondoka. Ukisoma haraka utadhani ni kipande kilichofufuka, kwa kuwa tarehe ni zile zile. Lakini soma tena. Mshahara haumo katika orodha hiyo. Wala mwajiri halazimishwi na sheria kuandika lo lote juu ya tabia ya mtu. Kisha sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 43, yasema kwamba shauri la kuachishwa kazi likifika mahakamani, ni mwajiri ndiye atakayethibitisha sababu. Hivyo swali limegeuzwa uso. Aliyekuwa akiandika bila ya kuulizwa, sasa yeye ndiye huulizwa.

Nafasi ya sababu katika cheti cha leo haiko, kama vile haikuwako katika kipande. Tofauti ni kwamba katika kipande weupe ule ulikuwa mashtaka, na katika cheti weupe huu ni wako. Utakapoketi mbele ya ile meza niliyoitaja mwanzo, wewe ndiwe utakayeujaza kwa maneno yako mwenyewe, iwe ni ugonjwa wa mama, au mshahara mdogo, au bwana asiyejua kusema na watu.

Sheria hiyo ina kijisehemu kimoja ambacho wengi hukipita bila ya kukiona. Aliyefanya kazi chini ya majuma manne mfululizo hana haki ya kudai cheti. Basi kibarua wa leo, yule asimamaye asubuhi penye malango ya viwanda na maghala ya Mombasa akingoja kuchaguliwa, bado huondoka jioni na ujira wake na mikono mitupu. Hapana karatasi aliyopewa, na kesho penye lango jingine hapana atakayemwuliza jana alikuwa kwa nani.